Spika za TV, wufa au hedifoni: gemu yako uipe sikio gani?

“Mjomba, nina elfu tatu. Ninunue wufa, za Bluetooth, au hizi za waya?”

Mpwa wangu aliniingia hivyo Alhamisi moja baada ya magharibi, hata viatu hajavua. Pesa alizipata kwa kumsaidia babake kupanga mzigo dukani Kongowea likizo nzima. Ana miaka 15, ana mashine ya gemu ya PS4, ya mtumba, aliyoachiwa na binamu yake, na TV ya inchi 32 imetundikwa ukutani sebuleni kwa dada yangu, Majengo, Mombasa. Sebule hiyo ina panka la dari linalolia kama mlango mbovu, dirisha linatazama njia ya tuktuk, na msikiti ni nyumba ya tatu. Hayo yote yaingie katika hesabu. Maana ulinganisho mwingi wa vifaa vya sauti huandikwa na watu wanaokaa vyumba vya zulia, madirisha yamefungwa, na kiyoyozi kisichotoa hata pumzi.

Nikamwambia asubiri Jumamosi. Mimi nina wufa na hedifoni mbili za waya, za Bluetooth nikaziazima kwa jirani. Tukakaa kutoka alasiri hadi isha na gemu nne: EA Sports FC ya mpira, Tekken 7 ya kupigana na Hellblade: Senua's Sacrifice ya hadithi kwenye PS4, halafu PUBG Mobile ya risasi kwenye simu.

Kabla ya kifaa chochote, tulizima sauti kabisa.

Kwenye mpira hatukupoteza kitu. Alinifunga matatu kwa moja na sauti ikiwa zii, na angenifunga vivyo hivyo ikiwa juu. Jicho linauona mpira, pedi inatetemeka mkononi, basi. Tekken ikaanza kusumbua: pigo lililozuiwa hulia tofauti na pigo lililoingia, na mchezaji mzoefu huamua aendelee au arudi nyuma kwa mlio huo kabla jicho halijamaliza kazi yake. PUBG bila sauti ni kujitolea mhanga. Umejificha nyuma ya mlango, mtu anapanda ngazi, wewe huna habari.

Hellblade ndiyo iliyokufa kabisa. Gemu hii ya mwaka 2017 inamhusu Senua, shujaa mwenye maradhi ya akili anayesikia sauti kichwani. Kwenye kioo hakuna mstari wa uhai wala mshale wa kukuonyesha adui yuko wapi. Kazi hiyo wamepewa wale wanaomnong'oneza: adui akija kutoka mgongoni, mmoja wao anapiga ukelele kwamba yuko nyuma yako. Watengenezaji, Ninja Theory wa Uingereza, walizirekodi sauti hizo kwa maikrofoni yenye umbo la kichwa cha mtu, sikio huku na sikio huku, ili ukivaa hedifoni umsikie mnong'onaji akizunguka kisogo chako. Mwaka 2018 ikapata tuzo ya sauti ya BAFTA, zile tuzo kubwa za Uingereza. Ukiizima sauti yake, umezima na macho yake.

Kwa hiyo swali la kwanza si kifaa kipi kizuri. Ni hili: katika gemu unazocheza, sauti inakuletea habari au inakupa hisia? Zipo zinazofanya yote mawili kwa kitu kidogo sana. Space Invaders ya mwaka 1978 ilikuwa na noti nne tu nzito, zinashuka na kurudia, zinashuka na kurudia. Kadiri maadui wanavyokaribia, ndivyo noti zinavyokwenda mbio. Moyo unadunda nazo, na papo hapo unajua muda unakwisha. Noti nne!

Sasa tuje kwenye vifaa.

Spika za TV yenyewe

Hizi ni za bure, na hapo ndipo sifa zake nyingi zinapoishia. TV za siku hizi ni nyembamba, spika zimesukumwa chini au nyuma, sauti inagonga ukuta kwanza ndipo ije kwako. Spika mbili zimeachana kwa nusu mita hivi, nawe umekaa mita tatu mbali. Kushoto na kulia zishakuwa kitu kimoja kabla hazijakufikia. Wanong'onaji wa Senua walisikika kama watu waliofungiwa ndani ya debe la mafuta, na panka likawameza nusu.

Kitu kimoja kiliwaokoa kidogo. Gemu nyingi zina sehemu ya sauti inayouliza unasikilizia nini: TV, spika za sinema au hedifoni. Watu huipita bila kuitazama. Ukichagua ipasavyo, na kama kuna chaguo la usikilizaji wa usiku ulichague, gemu inapunguza milipuko na kuinua minong'ono. Kwenye chumba chenye panka, tofauti ilikuwa kubwa, na haikugharimu hata shilingi.

Kwa mpira na marafiki, TV inatosha kabisa. Katika vibanda vya gemu vya mtaani hata huyo mtangazaji huzimwa, muziki ukawekwa kwenye spika nyingine, na kelele za walioketi kwenye benchi wakingoja zamu ndizo uwanja wenyewe.

Wufa

Nitasema kweli, naipenda wufa. Tekken kwenye wufa ni raha isiyo na kifani. Ngumi inaingia na wewe kifua kinaitika. Mpwa wangu alicheka peke yake kwa raundi mbili nzima.

Raundi ya tatu dada yangu akatoka jikoni na mwiko mkononi. “Ndugu yangu, vikombe vyangu kabatini vyacheza ngoma. Na mama wa upande wa pili mtoto wake ndiyo kwanza alale.”

Nyumba zetu za Majengo unazijua: vyumba vimepangwa huku na huku, ukumbi katikati, ukuta mmoja kwa majirani wawili. Besi haiheshimu ukuta. Na kuna jambo jingine watu hawaambiwi wanaponunua: sauti nzito sana, za chini ya hezi 80 hivi, sikio haliwezi kutambua zinatoka upande gani. Ndiyo maana lile sanduku kubwa laweza kuwekwa pembeni popote na usione tofauti. Lakini pia ndiyo maana wufa haitakwambia adui yuko wapi. Inakupa mshindo. Mwelekeo unabaki kwa zile spika ndogo mbili zinazokuja nayo, na hizo wengi wetu tunazipanga juu ya TV zikiwa zimeshikana kama maharusi. Zitenganishe. Moja kulia mwa TV, moja kushoto, zikutazame wewe. Tulipofanya hivyo, Senua akapata angalau pande mbili, ingawa mgongo bado hakuwa nao.

Kwa muziki, hata hivyo, spika iliyo wazi ina kitu ambacho hedifoni hazitakupa kamwe. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na kompyuta ya mezani, na juu yake Civilization IV. Gemu hiyo ya mwaka 2005 ukiifungua tu, kabla hujabonyeza chochote, kwaya inaanza kuimba kwa Kiswahili: “Baba Yetu”, ndiyo ile Sala ya Bwana, muziki wa Mmarekani Christopher Tin. Mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kushinda tuzo ya Grammy. Mimi hayo sikuyajua wakati huo. Nilichojua ni kwamba spika ziko juu na mlango uko wazi, na jirani yetu wa Kitaita aliyekuwa akipita ukumbini na ndoo yake akasimama mlangoni. “Nyinyi humu leo mwacheza au mwasali?” Akaweka ndoo chini, akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia niirudie. Marehemu mama yangu, aliyekuwa na juzuu lake mkononi chumba cha pili, akauliza nani kaleta kanisa ndani ya nyumba. Kila mtu nyumbani aliipata gemu ile siku ile, kila mmoja kwa namna yake. Ningekuwa na hedifoni ningeipata peke yangu.

Za Bluetooth

Hapa ndipo pesa za vijana wengi zinapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza, PS4 haikubali hedifoni za kawaida za Bluetooth. PS5 vilevile. Pedi inaunganishwa kwa Bluetooth, ndiyo, lakini hedifoni zako za simu mashine itazikataa. Muuzaji mmoja mjini alimwapia mpwa wangu kwamba zinaingia bila shida. Haziingii. Mpaka ununue kidude cha kuchomeka, au TV yako iwe na Bluetooth ya kutoa sauti, na hata hapo tatizo la pili linakungoja.

Tatizo la pili ni kuchelewa. Bluetooth ya kawaida huikandamiza sauti, huituma vipande vipande, kisha hedifoni huifungua tena. Safari hiyo mara nyingi huchukua kati ya milisekunde 100 na 300. Ukisema milisekunde 200 mtu anaona ni upepo tu. Lakini gemu inayokwenda fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde, milisekunde 200 ni fremu 12. Katika Tekken, ngumi ya haraka ya kawaida inafika usoni kwa fremu 10. Yaani umeshapigwa, ndipo unasikia mkono unaondoka.

“Lakini Mjomba, kwenye YouTube hazichelewi!”

Ni kweli, na hapo ndipo wengi hudanganyika dukani. Video inajua sekunde ijayo ina nini. Simu ikishajua hedifoni zinachelewa, inaichelewesha na picha kidogo, vikaenda sambamba. Gemu haiwezi kufanya hivyo kwa sababu haijui utabonyeza nini wala lini. Kwa hiyo usizijaribu kwa video. Fungua gemu yoyote ya risasi kwenye simu, simama mahali patulivu, piga risasi moja moja, usikilize. Tulifanya hivyo na za jirani ndani ya PUBG: kidole, moto unatoka mtutuni, halafu paa! Mpwa wangu akapiga kumi hivi, akaniangalia, akazivua mwenyewe.

Ziko za Bluetooth zenye mfumo wa kupunguza uchelewaji, zinazoshuka mpaka milisekunde 40 hivi, lakini ni lazima simu na hedifoni zote mbili ziujue mfumo huo. Na ziko hedifoni zisizo na waya zinazokuja na kidude chake cha USB, zisizotumia Bluetooth kabisa. Hizo ni nzuri, uchelewaji hausikiki. Kwa elfu tatu usizitafute, na ukiziona kwa bei hiyo, jiulize.

Kwa gemu za polepole, za mafumbo au za kilimo, au kusikiliza tu muziki wa gemu ukiwa unavuka feri ya Likoni, Bluetooth haina neno.

Za waya

Waya hauna ushamba wowote. Unachomeka kwenye tundu la pedi, la milimita 3.5, na sauti iko kichwani bila kuchelewa.

Mara ya kwanza tulipochomeka, kimya. Akaanza kulaumu hedifoni zangu. Siyo. PS4 ina mpangilio unaochagua kinachopelekwa hedifoni: sauti yote, au maongezi ya wachezaji peke yake. Ilikuwa kwenye maongezi. Badilisha iwe sauti yote. Nina hakika kuna hedifoni nzima zilizorudishwa dukani kwa kosa hilo.

Tulipofungua Hellblade, sikuwa na haja ya kumweleza kitu. Alikaa wima. Baada ya dakika mbili hivi akageuka akatazama mlango nyuma yake, akidhani mamake kamwita. Ndiyo siri ya masikio mawili: sauti inayotoka kushoto hufika sikio la kushoto kabla ya la kulia kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde, na ubongo unaukamata muda huo. Spika za ukutani zinaivuruga tofauti hiyo, kwani kila sikio linasikia spika zote mbili. Hedifoni zinampa kila mmoja haki yake.

Lakini kwenye PUBG akaanza kufa kipuuzi. Hatua za mtu zinasikika, anageuka upesi, anapigwa kwa nyuma. Mara tatu. Nikamvua hedifoni nitazame. Amezivaa kinyume.

“Hapa pameandikwa L, Mjomba. L si kulia?”

Nilicheka mpaka dada akaja kuuliza kuna nini. L ni kushoto, mwanangu, waliandika Waingereza.

Sasa, zipi katika za waya? Zile ndogo za kuingiza sikioni ni rahisi, hazileti joto, na mwelekeo zinauonyesha vizuri kuliko sura yake inavyoonyesha. Kwa mtu mwenye elfu moja tu, hizo zinatosha na chenji inabaki. Zile kubwa za kufunika sikio zote zinazuia panka na tuktuk, ukasikia minong'ono bila kupandisha sauti. Ila Mombasa zina adui wawili. Wa kwanza ni jasho: mito ya ngozi bandia haipendi unyevu, baada ya muda inabanduka vipande vyeusi vinavyokwama shingoni. Chukua zenye mito ya kitambaa, au angalau mito inayotoka ubadilishe. Wa pili ni hewa ya chumvi. Kichwa cha waya kikianza kukwaruza sauti au upande mmoja ukazimika, usikimbilie kununua nyingine. Kipanguse na pamba yenye spiriti, ukiache kikauke, ujaribu tena. Zangu zina miaka minne.

Zile za bei ya chee zilizoandikwa 7.1 kwenye boksi, yaani sauti ya kukuzunguka pande zote, mara nyingi ndani mna spika mbili tu kama wenzake. Kinachozunguka ni programu. Na kama gemu yenyewe tayari inatengeneza sauti ya pande zote, ukiongeza na ya hedifoni unapata uji. Washa moja. Ukija kuhamia PS5 siku moja, sauti yake ya pande zote (3D) inafanya kazi na hedifoni yoyote ya waya ya stirio iliyochomekwa kwenye pedi, hata ya mia tano.

Wenye simu zisizo na tundu la eafoni wanahitaji adapta ya Type-C. Nenda na simu yako dukani, kwa sababu adapta nyingine hazina chipu ya kubadilisha sauti ndani yake na kwa simu fulani hazitoi hata mlio.

Masikio yenyewe

Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukipanda mpaka 90, muda salama unashuka hadi saa nne. Saa nne kwa wiki! Kijana wa likizo anazimaliza kabla ya adhuhuri ya Jumatatu. Kwa watoto kipimo ni cha chini zaidi, desibeli 75. Hapo ndipo hedifoni za kufunika zinapowashinda wenzao kimya kimya: mtu wa eafoni ndogo hupandisha sauti ashindane na panka, na panka halichoki.

Kama masikio yako hayasikii vizuri tayari, angalia gemu kabla ya kifaa. Fortnite kwa mfano inaweza kukuchorea hatua, milio ya risasi na masanduku kwa alama kwenye kioo, zikionyesha na upande. The Last of Us Part II ya mwaka 2020 ilikwenda upande wa pili: asiyeona anaweza kuicheza akiongozwa na milio.

Basi nani achukue nini?

Unacheza mpira tu na wenzako: usinunue kitu. Kanunue pedi ya pili. Una chumba chako mwenyewe, majirani wako mbali, unapenda gemu za kupigana na za mbio za magari: wufa, na uzitenganishe zile spika ndogo. Unacheza gemu za risasi kwenye simu: eafoni za waya, hata za bei ndogo, kabla ya Bluetooth ya bei kubwa. Gemu zako ni za hadithi, za kuvizia, za kutisha, na nyumba ina watu: hedifoni za waya za kufunika, mito ya kitambaa. Mpwa wangu yuko kundi hili la mwisho, ingawa moyo wake ulibaki kwenye wufa na sikumlaumu. Nimemwambia yangu aje kuiazima Idi.

Jumatatu akanunua za waya, nyeusi, na shilingi mia sita zikabaki. Dada yangu kalalamika mara moja tu, kwamba sasa akimwita kula inabidi aende mpaka alipo amfunue sikio moja. Nilipopita juzi nikaona kafunga uzi mwekundu upande mmoja wa hedifoni.

“Wa nini huu?”

“Huu ndio mkono wa kulia chakula, Mjomba.”